Banda la Mafundi wa Bodo na Deni Letu Wanafunzi wa Kiswahili

Sijapata kuhudhuria kongamano la wanafunzi wa Kiswahili lililokosa makala mawili matatu ya kulalamikia uchache wa istilahi. Mwasilishaji husimama, akatuorodheshea fani ambazo lugha yetu haijazimudu, yaani kompyuta, udaktari, sheria na uhandisi, kisha akamalizia kwa kuzihimiza asasi husika ziunde maneno. Makofi hupigwa. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mahali hapo na kupigiwa makofi hayo. Sina ugomvi na kazi ya kuunda istilahi, maana ni kazi ya lazima. Ninalodhamiria kulisema katika makala haya ni kwamba ipo fani moja ya uhandisi ambayo istilahi zake za Kiswahili zilikwisha kukamilika kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika Afrika Mashariki, nazo zinatuponyoka mikononi huku tukipigiana makofi ukumbini. Fani hiyo ni uundaji wa vyombo vya baharini. Darasa lake ni banda.

Msomaji asiyeijua Pwani ya kusini na avumilie maelezo kidogo. Bodo ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Msambweni. Unaiacha lami ya barabara ya Lunga Lunga, unashika njia ya vumbi kuelekea baharini, unapita minazi na miembe, na mwisho wa njia unatokea kwenye maji yaliyozungukwa na mikoko, kisiwa cha Funzi kikiwa ng'ambo. Watalii wengi waendao Funzi hupandia mashua hapo, wala hawana haja ya kukitazama kijiji. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, Bodo si njia ya kupita tu. Pamoja na Shirazi na Funzi yenyewe, ni miongoni mwa makao ya wasemaji wa Chifundi, lahaja ya Kiswahili ambayo hata jina lake linatangaza chi- pale ambapo Kiswahili sanifu kina ki-.

Karibu na maji lipo banda. Nguzo zake ni za mikoko, paa ni la makuti, na upande wa bahari hauna ukuta. Siku nilipofika, wakati wa likizo, ilikuwa katikati ya msimu wa kusi, bahari ya nje imechafuka, na vyombo vingi vilikuwa vimepandishwa. Mashua moja ilikuwa imelazwa ubavu, imebanduliwa mbao tatu. Pembeni wazee wawili walikuwa wakishona nyavu. Mwingine alikuwa akisuka lema, ule mtego wa fito wa kunasia samaki, na vidole vyake vilikuwa vikitoa matundu ya pembe sita, yote sawa, bila rula wala mchoro. Vijana wanne walikuwa wakicheza bao kwa kelele. Watoto walikuwa wakichonga vidau vya kuchezea kwa vipande vilivyoanguka chini ya tezo ya fundi. Akina mama karanga, wale wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga ili kuwauza, walikuwa wameketi kivulini na ndoo zao wakisubiri mitumbwi irudi, na walikuwa wakiyajibu maneno ya wanaume kwa ukali uliowachekesha wote.

Nilikuwa na hojaji. Nilikuwa nimeiandaa kwa uangalifu, maswali thelathini na mawili, na msimamizi wangu alikwisha kuipitisha. Nilimwamkia fundi mkuu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, nikamweleza nia yangu, nikafungua daftari. Akanitazama, akasema, "Karibu, mjukuu wangu," kisha akaendelea kugonga. Nikauliza swali la kwanza. Akajibu, "Naam." Nikauliza la pili. Akajibu, "Hivyo hivyo." Siku mbili nzima mambo yalikwenda kwa mtindo huo, na daftari langu likawa na "naam" nyingi kuliko zinazohitajika katika utafiti wowote. Siku ya tatu, pengine kwa kunihurumia, alinitupia fungu la pamba na kibakuli cha mafuta ya nazi. "Sokota," akaniambia.

Nilisokota. Kusokota pamba ya kalafati si kazi ya akili nyingi, ila ukiisokota vibaya inakatika inapopigwa, na ikikatika fundi anakuona. Basi nikiwa nimeinama hivyo, macho kwenye vidole, mzee akaanza kusema bila kuulizwa. Alinieleza kwa nini pamba huingizwa kwa chembeu na si kwa patasi, kwamba patasi ina makali nayo hukata, ilhali chembeu ni butu na husukuma. Alinieleza kwamba juu ya mstari wa maji chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa, na chini ya mstari huo hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Kisha, bila kubadilisha sauti, akanieleza juu ya mwanawe aliyezama, na jinsi ambavyo hakuingia bandani kwa muda mrefu baada ya msiba huo. Sikuwa nimeuliza. Hojaji yangu haikuwa na swali la namna hiyo, wala mtu mwenye adabu asingeliuliza.

Niliporudi chuoni nilisoma jambo lililonishangaza. Nchini Australia, tangu miaka ya 1990, wanaume wa makamo na wazee wamekuwa wakijenga mabanda ya pamoja ya kufanyia kazi za mikono: kutengeneza viti, baiskeli, vitu vya kuchezea watoto. Banda la kwanza kupewa jina la banda la wanaume lilifunguliwa mwaka 1998 katika mji mdogo wa Tongala, jimbo la Victoria. Leo nchi hiyo ina mabanda zaidi ya 1,000, na wazo lenyewe limevuka bahari hadi Ireland, Uingereza, New Zealand na Kanada. Sababu waliyoitoa ni afya. Mwanaume aliyestaafu, au aliyefiwa, au aliyekosa kazi, hukaa kimya nyumbani hadi kimya kikamwua. Ukimkalisha kitini mbele ya daktari hasemi, lakini ukimpa randa na ubao, na mwenzake akasimama kando yake, atasema. Wenyewe wana msemo wa kuonyesha kwamba wanaume huzungumza bega kwa bega, si uso kwa uso.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Wenzetu wamelazimika kuvumbua kitu ambacho Bodo wanacho, na ambacho sisi, wenyewe, tunakipita tukienda kupanda mashua ya Funzi. Naogopa siku itafika ambapo mradi utaletwa Kwale kutoka ng'ambo, wenye bajeti na warsha, wa kuwafundisha wanaume wa Pwani kuketi bandani. Tutaitwa kutafsiri vipeperushi vyake.

Sasa turudi kwenye lugha, kwani ndiyo iliyonipeleka huko. Maneno ya banda ni mengi, nami nitataja machache tu. Chombo huanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba vyote. Mbele na nyuma husimamishwa fashini. Juu ya mkuku hupangwa mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, na mbao hupigiliwa juu yake. Upande wa mbele ni omo, wa nyuma ni tezi, na maji yaliyopenya hukusanyika ngamani. Juu kuna mlingoti, foromali inayobeba tanga, na kamba ya demani inayolishika tanga hilo lisiponyoke. Kazi ikimalizika chombo hushuliwa, na tendo hilo lina kitenzi chake maalumu, kushua, ambacho sijawahi kukisikia kikitamkwa darasani. Vifaa vya kazi ni tezo, msumeno, randa, patasi, chembeu, keekee na timazi. Humo mna historia nzima ya bahari ya Hindi: mkuku ni neno la Kibantu, randa limetoka Bara Hindi, na kalafati ina ndugu yake katika Kiarabu na mwingine katika Kireno. Fundi wa Bodo hana habari ya asili hizo, wala hazihitaji. Kwake yote ni Kiswahili.

Lipo jambo zito zaidi ya orodha. Mengi ya maneno haya yamehama bandani yakaja kuishi mijini, lakini yamekuja bila miili yao. Mtangazaji wa michezo husema kwamba ligi imeng'oa nanga. Mwandishi wa habari husema kwamba mazungumzo ya amani yamekwenda mrama. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya mrama, nao wote wakanijibu kwamba ni kuharibika. Hapana. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kikilala ubavu huu na ubavu huu katika mawimbi. Chombo kinachokwenda mrama hakijaharibika bado. Kinaweza kuokolewa na nahodha anayejua kazi yake. Tofauti hiyo si ndogo kwa mazungumzo ya amani! Vivyo hivyo tunawafundisha watoto kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, nao wanakariri ili wapate alama, ilhali mwalimu na mwanafunzi wote wawili hawajapata kuiona ngama. Methali imegeuka kuwa kitendawili kilichopotelewa na jibu.

Wapo watakaosema kwamba kamusi ipo. Ipo, na tunawashukuru walioitunga. Lakini kamusi zetu aghalabu huyaeleza maneno ya namna hii kwa ufupi sana, kwamba ni mti fulani wa chombo au sehemu fulani ya jahazi, basi. Mtu ambaye hajaiona mashua iliyobanduliwa hawezi kujua kutokana na maelezo hayo mti huo unashika nini, unashikwa na nini, na ukioza nini kitatokea. Fundi huyajua maneno kwa jinsi yanavyoshikana. Nilipomuuliza taruma ni nini, hakunipa fasili. Alinishika mkono akauweka juu ya taruma, akausukuma hadi penye msumari, akasema, "Hapa ndipo linapolia." Alikuwa na maana kwamba taruma lililoanza kuoza husikika kabla ya kuonekana.

Kuna aibu nyingine inayotuhusu sisi wasomi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifisha Kiswahili kwa kukiegemeza kwenye Kiunguja, na lahaja nyingine zikabaki pembeni. Haikuwa lazima pembeni huko pasahauliwe. Aliyekwenda kuandika juu ya Chifundi ni Mwingereza, H. E. Lambert, ambaye mwaka 1958 alichapisha kijitabu juu ya lahaja hiyo, mwaka mmoja baada ya kile cha Kivumba. Aliyeandika kwa mapana juu ya ubaharia wa Lamu ni Mholanzi, A. H. J. Prins, katika kitabu chake cha mwaka 1965. Aliyekusanya msamiati mwingi wa Pwani katika kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1939 ni padri Mfaransa, Charles Sacleux. Sisemi hivyo kwa kinyongo, kwa maana walifanya kazi. Nauliza tu: tangu tupate idara zetu wenyewe za Kiswahili, ni tasnifu ngapi zimenukia sifa ya papa?

Na wakati unatubana. Miti ni ya kwanza. Mataruma mazuri hutokana na miti iliyopinda yenyewe, na mikoko kama mlilana na mkomafi ndiyo iliyotegemewa tangu zamani. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hayo yaliendelea kwa miaka. Sababu zake zinaeleweka. Kule Gazi, si mbali sana na Bodo, wanajamii wa Mikoko Pamoja wamekuwa tangu mwaka 2013 wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Mwaka 2017 walitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Mimi ni mmoja wa wanaoushangilia mradi huo. Hata hivyo sijaona mahali fundi wa mashua anayehitaji vipande kumi vya mti uliopinda anapotofautishwa na mfanyabiashara anayejaza lori. Fundi wangu sasa anatumia mwembe kwa sehemu kubwa, na anasema mwembe "unakunywa maji" mapema.

Faiba ni ya pili. Boti za faiba na injini zimekuwa zikigawiwa vikundi vya wavuvi, na mvuvi aliyepewa boti nyepesi isiyovuja hawezi kulaumiwa kwa kuipenda. Bahari haina huruma na mapenzi ya kale. Lakini boti hiyo haikuzaliwa bandani, na ikipasuka hairudi bandani. Wala sidhani kwamba ujuzi wa zamani hauwezi kukutana na mali mpya. Mwaka 2018 kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishua jahazi dogo la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki na kuvishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, likaitwa Flipflopi. Mkuku wa plastiki, mataruma ya plastiki, lakini vipimo na mikono ni ile ile ya mababu. Mapema mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Unguja. Ulimwengu ulilitazama kwa ajili ya takataka. Mimi nililitazama kwa sababu lilithibitisha kwamba neno taruma linaweza kuhamia kwenye plastiki bila ya kutaka ruhusa ya kamati.

La tatu ni vijana, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Pwani ya kusini imepata kuahidiwa mengi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa tegemeo hadi kilipofungwa mwaka 1988. Hoteli za Diani zilitikiswa na ghasia za Likoni za mwaka 1997, na mwaka 2020 zikafungwa kwa sababu ya korona. Mgodi wa titani wa Kwale, ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014, ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa mwaka 2024. Kila mara wanaume walitoka vijijini, na kila mara wakarudi. Miongoni mwa waliokuwa wakishona nyavu siku ile alikuwamo aliyekuwa mpishi wa hoteli hadi mwaka 2020; aliporudi, alikaa ndani miezi kadhaa, mpaka jirani alipomwita aje "ashike kamba" chombo kinapandishwa. Tangu siku hiyo hajaacha kuja. Kijana asiyepata pa kurudi namna hiyo, maskani nyingine zinamsubiri. Unga umezika wengi katika Pwani hii, nami sitaki kuandika zaidi juu ya hilo kwa sababu wazazi wao wapo.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaodhani kwamba suala hili ni la kumbukumbu tu, kwamba tukipeleka vinasa sauti, tukanasa maneno mia tano, tukayahifadhi maktabani, basi tumeliokoa banda. Tutakuwa tumeliokoa kama mtu anayeokoa nyumba inayoungua kwa kuipiga picha. Neno kushua linaishi kwa sababu ipo siku ambapo wanaume ishirini na watoto wote wa kijiji huliweka bega chini ya chombo kimoja. Siku hiyo ikikoma, neno hilo litabaki kwetu tu, na sisi hatuna chombo.

Nimeulizwa na dada mmoja wa darasa letu: mbona unatetea mahali pa wanaume? Swali lake ni la haki. Wanawake wa Pwani ya kusini hawakusubiri kutetewa na mtu. Wa Gazi wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, wa Wasini wana lao juu ya matumbawe, na wa Kibuyuni wamejenga kilimo cha mwani kinachojulikana nchi nzima. Pengine ni wanaume waliochelewa. Nikamjibu kwamba banda la Bodo halina mlango, na kwamba nusu ya maneno makali niliyoyaandika niliyasikia kutoka kwa akina mama karanga. Akaniambia kwamba kukaa kivulini na ndoo si sawa na kushika tezo. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Namkaribisha aandike makala ya kunijibu katika jarida hili hili, baada ya kwenda.

Tufanye nini basi? Nina mambo machache, nayo si ya kubembeleza wafadhili. Chama chetu hufanya ziara kila mwaka. Tumeona Fort Jesus mara nyingi mno; nguzo zake zinatujua. Ziara ya mwaka mmoja na igeuzwe kuwa majuma mawili ya uanagenzi, wakati wa kusi, wanafunzi wachache wachache, bandani, bila hojaji kwa siku tano za kwanza. Idara zetu zikubali kupokea, badala ya tasnifu moja katika kumi, kazi ya mwanafunzi aliyejifunza sehemu moja ya ufundi na kuieleza kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, maneno yakiwa mahali pake pa kazi. Nimemsikia mhadhiri mmoja akiuliza kazi kama hiyo itasahihishwaje. Aje fundi asahihishe. Kama mashua inavuja, mwanafunzi ameanguka.

Pili, yanayonaswa Bodo yabaki Bodo kwanza. Nakala ziwekwe katika shule ya kijiji, kwa idhini ya wasemaji, kabla ya kupelekwa katika maktaba yoyote ya mji. Nimewasikia wazee wakilalamika kwamba watu huja, huchukua, na hawaonekani tena. Nilikaa kimya, kwa sababu mimi pia nilikuwa na tikiti ya kurudi mfukoni. Na mtafiti asilipe kwa neno, kana kwamba ananunua mayai. Anunue misumari.

La tatu linaihusu serikali, nasi tuna wajibu wa kulisemea. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika ibara yake ya 11 imeitaka dola itambue nafasi ya teknolojia za kienyeji katika maendeleo ya taifa. Mwaka 2024 ilizinduliwa sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mafundi wa namna ya mzee wangu wapate vyeti bila kurudi shuleni. Ni habari njema. Lakini fundi huyo atahojiwa kwa lugha gani? Fomu itaandika nini mahali pa mkuku, taruma, deheni na kalafati? Kama itamlazimu atafute mtoto wa shule amtafsirie kwa Kiingereza kazi aliyoifanya kwa miaka hamsini, basi cheti hicho kitakuwa kimempa kitu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Hapa ndipo wanaistilahi wetu wangepata kazi nyepesi kuliko zote walizowahi kupewa, maana maneno yapo tayari. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kuyaandika kwenye fomu.

Na liko suala la ardhi ambalo sina ujuzi wa kulimaliza. Banda halina maana mbali na maji. Mahali pengi katika Pwani yetu bandari za wavuvi hazina hati, na ufuo una wenyewe walio mbali. Bandari ikifungwa kwa ukuta, mabati mapya ya banda kilomita mbili ndani ya minazi hayatasaidia kitu. Wanafunzi wa sheria wanaosoma jarida hili, kama wapo, watusaidie.

Nimezungumza na wenzangu watano walio tayari kwenda msimu ujao wa kusi, na mzee amekubali kutupokea kwa sharti kwamba tusije wote siku moja. Anayetaka kujiunga nasi amwone katibu wa chama. Nauli kila mtu atajitegemea. Achukue mkeka, tochi na nguo kuukuu asizozipenda, kwa sababu sifa haitoki nguoni kwa sabuni yoyote niliyoijaribu. Shati langu ninalo bado, na wenzangu wa chumba wamenikataza kulitundika ndani.